Shangazi Alivyomlilia Mwandishi

Siku redio ilipotangaza kwamba mwandishi yule mkubwa amefariki, shangazi yangu alikuwa anapepeta mchele uani, na mimi nilikuwa napiga pasi gauni la kuvaa shuleni kesho yake. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kula. Betri za redio zilikuwa zimechoka, tulikuwa tumezianika juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo, kwa hiyo sauti ilikuja na kuondoka. Lakini hilo tulilisikia vizuri. Mtangazaji alisema taifa limempoteza gwiji wa lugha, kisha wakapiga muziki wa huzuni. Nilisahau pasi juu ya gauni mpaka likaanza kunuka.

"Shangazi, umesikia? Amekufa."

Shangazi hakuacha kupepeta. "Nimesikia. Haya, kaenda kukutana na yule binti aliyemwua. Akamweleze sasa."

Huyo binti hakuwa mtu wa kweli. Alikuwa wa kwenye kitabu. Ila kwa shangazi tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni si muda mrefu, nimepangiwa shule ya msingi kule Mpanda. Miaka hiyo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini kwa malori, na watu wazima walikuwa wanakwenda ngumbaru alasiri kujifunza kusoma. Nilikaa pale pale Mpanda, Misunkumilo, kwa shangazi, dada yake baba, mjane wa mfanyakazi wa reli. Nyumba yake nusu ilikuwa yetu na nusu ilikuwa ya mahindi. Nilikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, chini ya nguo, nilikuwa na riwaya zote za mwandishi yule. Nilimpenda kwa namna ambayo wasichana wenzangu walikuwa wanawapenda wapiga gitaa. Kuna kurasa nilizozijua kwa moyo. Nilipokuwa na huzuni nilizisoma kwa sauti, nikajisikia mtu wa maana.

Shangazi naye alikuwa ngumbaru, lakini alikuwa bado anahangaika na herufi kubwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Yeye akipukuchua mahindi, mimi nasoma. Hakusikiliza kama wanafunzi wa chuo wanavyosikiliza. Aligombana na watu wa kitabuni. Mume mlevi akiingia ukurasani, shangazi anasema, "Ona, kaja huyo mshenzi." Mtu akidanganywa, ananikatisha: "Mwambie asisaini!" Mara nyingine ilinibidi ninyamaze kwanza mpaka amalize kumtukana mtu.

Riwaya aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya binti mmoja aliyetoroka ndoa ya mzee. Binti anavuka mito, analala maporini, anafanya vibarua, anasoma, anarudi kwao, anajenga nyumba yake mwenyewe ya matofali. Shangazi alimfuata hatua kwa hatua. Nyumba ilipoezekwa bati, alipiga kigelegele peke yake pale jikoni. Kisha tukafika ukurasa wa mwisho. Binti anafungua mlango wa nyumba yake mpya, nyoka yuko nyuma ya mlango, anamgonga, anakufa. Mwisho.

Shangazi aliacha kupukuchua, gunzi mkononi.

"Endelea," akasema.

"Kimeisha, shangazi."

"Hakiwezi kuisha hivyo. Geuza."

Nikageuza. Kulikuwa na tangazo la vitabu vingine na jina la mpiga chapa. Shangazi alisimama, akaingia ndani, na siku hiyo chakula cha jioni nilipika mimi. Kwa wiki nzima aliulizia jambo moja tu: nyoka yule alitoka wapi, na nyumba ilikuwa mpya, imepigwa sakafu ya saruji?

Nilijaribu kumweleza. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya nyoka huyo. Nilieleza kwamba nyoka ni ukoloni mamboleo, mlango ni uhuru, na nyumba ni taifa changa. Mkufunzi wangu aliipenda sana, akalisomea darasa zima. Shangazi aliisikiliza insha hiyo mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo ukoloni ulikuwa nyuma ya mlango," akasema.

"Ndiyo."

"Na hakuona?"

Nikaenda kuchochea moto.

Basi, kama mwaka hivi kabla ya kifo chake, mwandishi alikuja Mpanda. Sitii chumvi, alikuja kweli. Alikuwa anazunguka mikoani kukusanya maneno ya watu wa bara kwa ajili ya kitabu kipya, na wilaya ikaipa shule yetu heshima ya kumpokea. Mwalimu Mkuu alipagawa. Alipaka chokaa mawe yote ya shuleni, akawafundisha watoto wimbo wa kumsifu, akanunua shati. Tulijipanga stesheni tangu asubuhi, na treni ikaja ilivyopenda yenyewe, jua limeshageuka.

Picha ya nyuma ya vitabu vyake ilionyesha uso tu, kidevu kimewekwa juu ya ngumi, macho yanatazama mbali. Kutokana na uso ule sote tulijijengea mtu mrefu. Kwa hiyo mtu mrefu wa kwanza aliyeteremka, mwenye miwani na mkoba, Mwalimu Mkuu alimrukia akamkumbatia, akamvisha shada la maua, watoto wakaanza kuimba. Yule bwana alikuwa mnunuzi wa nta. Alipokea maua bila kubisha. Nadhani alifikiri Mpanda ndivyo tunavyowapokea watu wote.

Nyuma yake akateremka mzee mfupi, ana kitambi, miwani ya waya, viatu vyeupe, amekumbatia mto wa kulalia. Huyo ndiye.

Hotuba yake shuleni ilikuwa mbaya. Nasema hivi nikiwa ndiye niliyempenda kuliko wote pale. Alisoma kurasa za kitabu chake kama mtu anayesoma orodha ya stesheni, na mbung'o mmoja aliyekuja na gari la wilaya akamtesa shingoni muda wote. Kurasa zile zile nilizokuwa nikizisoma peke yangu mpaka machozi yananitoka, yeye mwenyewe alizisoma huku akijipiga kofi. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa karibu yangu alilala.

Nyumba ya wageni ilikuwa haina maji, na mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa amekwenda kwao kujifungua, kwa hiyo ikaamuliwa mgeni ale kwetu. Shangazi alipika wali wa Mpimbwe, kuku, na migebuka, samaki wakavu wa Karema, kwa mchuzi wa karanga. Alimsubiri mgeni ale. Alimsubiri anawe. Kisha akavuta kigoda karibu.

"Baba, nina swali."

"Uliza, mama," mwandishi akasema, akijiegemeza. Nadhani alitegemea ataulizwa alianza lini kuandika.

"Kwa nini ulimwua yule binti?"

Mwalimu Mkuu, aliyekuja na mgeni, alikohoa. Mwandishi akatabasamu tabasamu la kupigia picha. "Mama, kifo katika fasihi..."

"Sijauliza fasihi. Nauliza yule binti. Alikukosea nini?"

Akajaribu njia nyingine, akasema maisha ndivyo yalivyo. Shangazi akasema yeye maisha anayajua, ameshazika mume na watoto, hahitaji kuletewa kifo kingine kwa treni. Mwandishi akanitazama mimi, kama anayeomba msaada. Nami, mjinga, nikasema, "Nyoka ni ukoloni mamboleo, sivyo mzee?"

Alinitazama kwa huruma sana.

"Binti yangu," akasema, "nilikuwa naumwa jino."

Akajishika shavu.

"Jino la nyuma, huku. Shavu limevimba hivi. Mchapishaji anataka kitabu mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimepanga aolewe na yule fundi wa matofali, wapate watoto, sura nyingine mbili au tatu. Jino likanikataza. Nikamleta nyoka, nikaenda hospitali kung'oa."

Kwa hiyo insha yangu yote, uhuru na taifa changa, ilikuwa jino bovu. Nilijisikia kama mtu aliyepiga magoti mbele ya sanamu na kumbe ni mfuko wa mkaa. Shangazi yeye alikasirika kwa muda mfupi tu, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Wewe mtu wa wapi?" akamwuliza.

Alipotaja kwao, shangazi alipiga mapaja. "Mzaramo! Muda wote huu nakuita baba, kumbe ni mtani wangu! Rudisha kuku wangu!" Sisi ni Wakonongo, na kwenye mambo haya tunahesabiwa na Wanyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani, wakapita kwa watu wa kwao, na tangu hapo ni watani. Mtani humtukani, unamtania, na yeye hana ruhusa ya kununa.

Mzee yule alibadilika mbele ya macho yetu. Alikuwa amechoka na amevimba kwa heshima, kumbe ndani kulikuwa na mtu. Alimwambia shangazi kwamba babu zetu walifika pwani wakaionja bahari wakadhani ni mchuzi. Shangazi akamwambia ni afadhali mchuzi, maana watu wa kwao wanakula nazi mpaka vichwa vimekuwa nazi. Akamwambia amemwona akishuka na mto wake, akadhani analeta mtoto. Mzee akasema mto ule ndio mke pekee asiyemwuliza maswali kama ya shangazi. Walishindana hivyo mpaka Mwalimu Mkuu akakaa mkao wa mtu aliyeketi juu ya siafu. Sijawahi kusikia mtu akiongea Kiswahili kitamu namna ile. Hakuna hata sentensi moja ya vile aliyowahi kuiweka kitabuni.

Kesho yake wakampeleka Sitalike kuona viboko. Shangazi akapanda gari pia, akidai ana ndugu wa kuwajulia hali kule. Katika riwaya yake moja mwandishi alikuwa na kiboko aliyekula mbuzi wa kijiji kizima, na njia nzima shangazi alimwuliza kama kiboko huyo alikula na pilau. Walipofika kando ya mto, kiboko mmoja akapanua mdomo, labda anapiga miayo tu. Mwandishi wa taifa akageuka akakimbia, kiatu kimoja cheupe kikabaki kwenye tope. Askari wa hifadhi alijitolea kukifuata, mzee akakataa, akasema kiboko achukue tu. Alirudi Mpanda na kiatu kimoja na kandambili moja ya dereva.

Siku ya kuondoka, kwenye dirisha la treni, alimwambia shangazi, "Mtani, kitabu kijacho nitamfufua binti yako."

"Na umlete na fundi wa matofali."

"Nitamleta."

Kitabu kijacho hakikuja. Likaja lile tangazo la redio.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alinikuta ofisini kabla sijaweka mkoba. Ameamua kufanya mkutano wa maombolezo Jumatano alasiri, uwanja wa shule, darasa la ngumbaru nalo lihudhurie, na mimi niandike risala. "Andika kwa lugha nzito, mwalimu," akasema. "Mwamba umeanguka, nuru imezimika, mambo ya namna hiyo."

Niliandika. Nilitumia "mwamba", "nuru", "mbuyu", na "bahari isiyo na kina". Niliposoma nilichoandika, nilimwona mtu wa picha, kidevu juu ya ngumi. Mzee wa kandambili moja hakuwamo kabisa. Lakini nilijiambia kwamba msiba ni msiba, nikaikunja karatasi nikaitia mkobani. Shangazi aliniuliza naandika nini, nikamsomea. Akasema, "Huyo ni nani?" Kisha akaanza kufukua sanduku la nguo za marehemu mume wake, na mimi sikuuliza anatafuta nini.

Jumatano Mwalimu Mkuu alifungua yeye. Alieleza jinsi yeye na marehemu walivyokuwa kama ndugu, jinsi walivyozungumza mambo mazito ya taifa, jinsi marehemu alivyosimama ukingoni mwa mto kule Sitalike akiwatazama viboko "bila kutikisika". Watu walikuwa wamekaa kimya cha heshima, yaani walikuwa wanasinzia.

Ndipo shangazi akatokea kwenye kona ya darasa la kwanza. Amevaa koti la reli la mumewe, ndani amefunga kitambi cha kanga, usoni ana miwani ya waya isiyo na vioo. Amekumbatia mto. Mguu mmoja una kiatu alichokipaka majivu kikawa cheupe, mwingine una kandambili. Alitembea kwa ule mwendo wa mzee, kifua mbele, akijipiga kofi shingoni kila hatua chache. Akaja mpaka mbele ya Mwalimu Mkuu, akatandika mto chini, akalala.

"Mama!" Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti ya chini. "Huu ni msiba!"

"Ndiyo maana nimekuja," shangazi akajibu akiwa amelala. "Mnaanzaje kumlilia Mzaramo bila mtani wake? Siondoki hapa mpaka nipewe jogoo."

Wazee waliokuwa kwenye kundi la ngumbaru walishtuka, wakaelewa, wakaanza kushangilia. Mmoja akaita, "Marehemu, umekufa na nini?"

"Jino!" shangazi akasema. Uwanja ukalipuka.

Mwingine akauliza habari za viboko. Shangazi akainuka, akapanua mdomo kama kiboko, kisha akageuka akawa mwandishi, akakimbia kuzunguka mlingoti wa bendera, kiatu kikaruka. Mwalimu mmoja alishuka kwenye kiti akakaa chini kwa kicheko. Hata dereva wa gari la wilaya alikuwapo, akaapa kwa sauti kwamba kandambili yake hajarudishiwa mpaka leo.

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu akanigeukia, jasho linamtoka, "mwondoe shangazi yako. Soma risala."

Nilisimama. Karatasi ilikuwa mkononi. Nilisoma mstari wa kwanza, "Mwamba umeanguka," na shangazi akaanguka chini puu, na watu wakacheka upya, nami nikacheka. Sikuweza kuendelea. Nikaiweka karatasi, nikasimulia nilichokijua: shada la maua la mnunuzi wa nta, ile hotuba iliyomlaza mwalimu, insha yangu ya ukoloni mamboleo. Nikasema pia kwamba alipoacha kuwa mkubwa na kuanza kutaniana jikoni kwetu, alikuwa mtu mzuri kuliko vitabu vyake, na vitabu vyake navipenda. Kusema kweli hiyo ndiyo risala niliyotaka kuandika, ila sikujua kwamba inaruhusiwa.

Wakati watu bado wanacheka, shangazi alivua miwani ya waya, akakaa juu ya ule mto, akaanza kulia. Alilia kilio cha kweli, cha sauti, kama cha mtu wa ndani. Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wakaenda kukaa naye chini. Alikuwa anasema, "Mtani wangu, umeondoka mapema, nani atanijibu sasa?" Mwalimu Mkuu alisimama pale bila kujua aweke wapi mikono, kisha na yeye akavua kofia, akakaa.

Jogoo alitoka nyumbani kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alimleta amemshika miguu, akaja kula pamoja nasi jua likiwa bado halijazama. Alikula kimya, paja lote, akanyonya mfupa, ndipo akasema, "Niwaambie kitu. Sijasoma hata kimoja."

"Kipi, mwalimu?"

"Vitabu vyake. Vile. Ni virefu sana."

Shangazi alimjazia bakuli tena. Nilimwazima ile riwaya ya binti, na sina hakika kama aliifungua, kwa sababu mwaka uliofuata alihamishwa kwenda Sumbawanga na kitabu changu kikaenda naye. Miaka mingi baadaye niliona maandishi ya kumkumbuka mwandishi yule, yametungwa na wasomi. Walimsifu kwa mbuyu na bahari. Mmoja alieleza maana ya nyoka wa nyuma ya mlango, na alikuwa na hoja nzuri kuliko zangu.

Lakini kitu kilichonikaa ni cha jioni ile ile ya jogoo, usiku ukianza kuingia, tulipokuwa tunaosha vyombo. Shangazi aliniuliza kama marehemu ameacha watoto.

Sikujua. Alikaa nasi, alikula kwetu, tulimhoji juu ya binti asiyekuwapo, kiboko asiyekuwapo na fundi wa matofali ambaye hata kuoa hakuoa. Hakuna aliyemwuliza habari za nyumbani kwake. Hata mke, tulichokijua ni ule utani wa mto.

Asubuhi yake shangazi alikwenda misheni kabla ya kwenda shambani, kumwomba padri amtaje marehemu kwenye misa. Nilimsindikiza. Padri alitoa kalamu, akauliza jina, akaliandika. Kisha akauliza, "Mkristo?"

"Hapana, Mwislamu, nadhani," shangazi akajibu. "Hakusema."

"Mama, sasa huyu ni nani yako?"

"Mtani," shangazi akasema. "Wewe mtaje tu, Baba. Akifika huko atajieleza mwenyewe, mdomo anao."